Binti yangu anataka kuanza masomo ya chuo akiwa bado sekondari. Nisaini?

*"Mwalimu, sisi ni Wakongo, tulipitia kambi ya Nyarugusu na sasa tuko Columbus, Ohio. Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko darasa la kumi. Mwaka jana alitolewa kwenye ESL, madarasa ya Kiingereza kwa wageni, na alama zake ni A na B. Juzi ameleta karatasi ya College Credit Plus. Anasema mwaka ujao atasoma masomo ya chuo bure, na yatahesabiwa sekondari na chuo kwa pamoja. Anataka kuwa nesi. Anataka achukue masomo manne kwa mpigo kwa sababu rafiki yake alifanya hivyo. Baba yake anasema Amerika hakuna cha bure, huo ni mkopo uliofichwa. Shemeji yangu anasema mtoto akishaonja chuo hahesabiwi tena mwanafunzi mpya, atakosa ufadhili wote. Mimi nafanya kazi usiku ghalani, na yeye ndiye anayewalaza wadogo zake watatu. Naogopa kumzuia, naogopa pia kusaini nisichokijua."*

Mama, hofu zako zote mbili zina msingi. Ukimzuia mtoto mwenye A na B utakuwa umemnyima kitu cha thamani, na ukisaini gizani unaweza kumwachia mzigo ambao ataubeba miaka mingi. Ushauri wangu ni huu: saini, ila kata masomo manne yawe moja, au moja na nusu (somo moja na jingine dogo), kwa muhula wa kwanza. Sababu zangu nitazieleza polepole, kwa kuwa baba na shemeji kila mmoja ameshika kipande cha kweli, ila wamekishika kwa mkono usio wake.

Nianze na mpango wenyewe. Kumruhusu mwanafunzi wa sekondari asome chuoni si jambo geni Marekani. Minnesota ilianza mwaka 1985, na Ohio ikawa na mpango wake tangu 1989. Huu wa sasa, College Credit Plus, ulichukua nafasi ya ule wa zamani katika mwaka wa masomo 2015–16, na uko wazi kwa wanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili. Mtoto anaomba nafasi chuoni kama mwombaji yeyote, na chuo kinapima kama yuko tayari kwa kuangalia wastani wa alama zake au matokeo ya mitihani. Akikubaliwa, anasoma somo la kweli la chuo, lenye mhadhiri, silabasi na mitihani ileile wanayofanya watu wazima. Akilimaliza, alama moja inaandikwa sehemu mbili: kwenye rekodi ya sekondari na kwenye transkripti ya chuo, yaani hati rasmi ya alama. Somo la krediti 3 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa somo), linalosomwa muhula mmoja, huhesabiwa sekondari kama somo la mwaka mzima. Faida yake kubwa iko hapo.

Sasa tuje kwa baba. Anashuku kwamba kuna mkopo umejificha, na simlaumu, maana nchi hii imewafundisha watu wengi kushuku hivyo kwa kuwaumiza. Lakini hapa hakuna mkopo. Jimbo linakata fedha kutoka kwenye mgawo wa wilaya ya shule na kukilipa chuo. Mwanafunzi akisoma chuo cha umma hatozwi ada wala gharama za vitabu. Vitabu hutolewa na shule yake, kwa hiyo avitunze na kuvirudisha kwa utaratibu wa shule.

Pamoja na hayo, kuna milango ambayo bili inaweza kupitia, na baba akisikia ipo atasema "nilijua". Bora muijue mapema.

Mlango wa kwanza ni karatasi yenyewe. Sheria inampa mwanafunzi njia mbili za kujiandikisha, inayoitwa A na inayoitwa B. Kwa A, familia inajilipia. Kwa B, jimbo ndilo linalipa. Ninyi mnataka B. Mahali popote mtakapoona uchaguzi huo, kwenye karatasi au kwenye kompyuta, someni mara mbili kabla ya kuweka alama.

Mlango wa pili ni kufeli. Mwanafunzi akipata F, au akijiondoa kwenye somo baada ya muda wa neema kwisha, wilaya ya shule inaweza kudai irudishiwe gharama. Muda huo wa neema ni siku 14 za mwanzo tangu somo lianze, na siku za wikendi zinahesabiwa. Akitoka ndani ya siku hizo hakuna deni. Kisha kuna kinga ambayo familia nyingi hazijui kuwa wanayo: mwanafunzi aliyeandikwa kuwa anatoka familia ya kipato kidogo hadaiwi fedha hizo kwa sababu ya kufeli. Lakini angalia neno "aliyeandikwa". Siku hizi shule nyingi mjini hulisha watoto wote chakula cha mchana bila kumtaka mzazi ajaze fomu, na wazazi hudhani kula bure kunatosha kuwa ushahidi. Hakutoshi. Mwulize mshauri wa masomo swali hili kama lilivyo: "Je, kwenye mfumo wenu binti yangu ameandikwa kama mwanafunzi wa kipato kidogo?" Akisema hapana au hajui, omba fomu ya kipato siku hiyohiyo.

Mlango wa tatu ni kuzidisha. Kuna kikomo cha krediti 30 kwa mwaka, na humo huhesabiwa hata masomo yake ya kawaida. Hesabu yake ni hivi: chukua idadi ya masomo ya mwaka mzima anayosoma sekondari peke yake, zidisha mara 3, kisha toa kwenye 30. Akiwa na masomo manne ya sekondari, 4 mara 3 ni 12, basi amebakiwa na nafasi ya krediti 18 za chuo kwa mwaka huo. Akizidisha, ziada inakuwa juu yenu. Mwisho, vyuo binafsi vinaruhusiwa kutoza kiasi fulani, ingawa si kwa wenye kipato kidogo. Kwa binti yako sioni sababu ya kwenda huko wakati Columbus State iko hapohapo mjini.

Shemeji naye tumsikilize, kwa sababu maneno yake nayasikia kila mwaka, kanisani na kwenye misiba, na yana chimbuko. Kuna kijana anayemaliza sekondari, anakaa chuo cha jamii mwaka mmoja au miwili, kisha anaomba kuhamia chuo kikuu. Huyo kweli anaitwa mhamiaji wa chuo (transfer), na ufadhili mwingi uliotengewa wanafunzi wapya unakuwa umempita. Nadhani shemeji alimwona mtu wa namna hiyo. Binti yako hayuko huko. Kwa vyuo vikuu vingi, mstari unaotenganisha mwanafunzi mpya na mhamiaji ni siku ya kuhitimu sekondari. Krediti alizopata kabla ya siku hiyo hazimwondolei upya wake, hata zikiwa nyingi. Anaomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na anashindania ufadhili uleule. Hata hivyo, kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo achague vyuo viwili au vitatu anavyovitamani, aviandikie barua pepe fupi kuuliza jambo hilo moja, na majibu ayahifadhi.

Kuhusu Pell, ile ruzuku ya serikali kuu ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifika hadi dola 7,395: ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Chini ya College Credit Plus binti yako hapokei Pell, kwa hiyo mihula hiyo yote inamsubiri ahitimu.

Mpaka hapa utaona kwamba upande wa fedha hauna kitisho kikubwa. Kinachonifanya nikuambie apunguze masomo ni alama zenyewe.

Alama ya chuo ni kama chale: ikishachanjwa haifutiki. Mtoto mwenye miaka 16 akipata D, akipata F, au akijiondoa katikati ya muhula akaandikiwa W, rekodi hiyo inabaki chuoni. Baadaye akiomba chuo kingine ataulizwa ataje kila chuo alichowahi kusoma, na transkripti zitaitishwa. Siku moja akibadili mawazo akaamua kuomba shule ya udaktari, mfumo mkuu wa maombi ya shule hizo nchini Marekani unadai masomo yote ya chuo yaorodheshwe, pamoja na yale aliyoyasoma akiwa sekondari. Hakuna anayesema "alikuwa mtoto".

Tena alama hizo zinagusa msaada wa fedha ujao kwa njia ambayo wazazi hawaioni. Ili mwanafunzi aendelee kupokea msaada wa serikali, chuo hupima maendeleo yake. Kipimo cha kawaida ni wastani wa 2.0, na kufaulu angalau asilimia 67 ya krediti zote alizojaribu. Neno la kushika hapo ni "alizojaribu". Tuseme binti amechukua masomo manne, krediti 12. Mawili akafaulu, moja akapata F, moja akajiondoa. Amejaribu 12, amepata 6, hiyo ni asilimia 50. Akirudi chuo hichohicho baada ya kuhitimu sekondari, anaweza kuanza mwaka wake wa kwanza akiwa tayari chini ya mstari, na kulazimika kuandika barua ya rufaa kabla hajapokea hata senti. Nimesaidia vijana kuziandika barua hizo. Karibu wote hawakuwa wazembe. Walikuwa watoto werevu waliobeba masomo mengi mno katika nyumba yenye shughuli nyingi.

Mpango wenyewe nao una breki zake. Mwanafunzi ambaye wastani wake wa chuo unashuka chini ya 2.0, au anayejiondoa au kukosa krediti katika masomo mawili au zaidi kwenye muhula mmoja, huwekwa kwenye uangalizi na kupunguziwa masomo. Sheria hiyo ni nzuri, lakini inafika baada ya chale kuchanjwa.

Haya, tuhesabu saa, kwa sababu uamuzi wenu uko kwenye saa kuliko kwenye akili ya mtoto. Krediti 1 ya chuo ina maana ya saa moja ya darasani kila wiki, na kama saa mbili za kusoma nje ya darasa. Somo la krediti 3, basi, ni saa 9 kwa wiki. Masomo manne ni saa 36, karibu sawa na ajira ya siku nzima, na bado hujaweka masomo ya sekondari yanayobaki. Rafiki yake ameweza, sawa. Ila umeuliza rafiki anarudi kwenye nyumba ya namna gani? Ana wadogo wangapi wa kuogesha na kulaza?

Mambo ya nyumba yako ni yako, Mama, siwezi kukupangia. Lakini kwenye barua yako umeandika jambo zito kwa maneno machache, kwamba yeye ndiye anayewalaza wadogo zake. Saa za kulaza watoto ndizo saa ambazo mwanafunzi wa chuo huandika insha. Kama atachukua hata somo moja, anahitaji jioni mbili au tatu kwa wiki ambazo hakuna anayemwita, na angalau jioni moja ya hizo akae maktaba ya umma au ya shule, mbali na nyumbani. Nani atawalaza watoto jioni hizo? Kama baba yuko nyumbani, liwe jambo la kuzungumzwa naye kabla ya kusaini, na litajwe kwa siku: Jumanne na Alhamisi, baba analaza. Nimeona familia zikikubaliana kwa jumla kwamba "tutamsaidia", na ikifika wiki ya sita hakuna aliyekumbuka.

Kuna jambo jingine litakalokushangaza. Kwetu, mtoto akiteleza mwalimu anamwita mzazi. Chuoni hakuna atakayekupigia. Kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 inayolinda rekodi za wanafunzi, mtoto akishajiandikisha chuoni haki juu ya rekodi zake za chuo zinakuwa zake, hata akiwa na miaka 16. Ukipiga simu kumwuliza mhadhiri, atakujibu kwa adabu kwamba hawezi kuongea nawe. Usione ni dharau. Rekodi zilizoko sekondari bado una haki ya kuziona mpaka afikishe miaka 18, na alama ya chuo ikishatumwa sekondari utaiona huko, ila wakati huo muhula umekwisha. Dawa ni makubaliano ya nyumbani. Kila Jumapili jioni afungue akaunti yake ya masomo mbele yako, akuonyeshe alama za wiki na kazi zinazokuja. Huhitaji kuelewa saikolojia ili kuona sifuri kwenye mstari wa kazi ambayo haikupelekwa.

Na siku ya kwanza akuletee silabasi. Ni karatasi chache tu, lakini ndizo mkataba. Mkae nayo, na mtafute vitu vitatu: kazi ikichelewa inakatwa kiasi gani (wahadhiri wengine hawapokei kabisa), mtihani wa kwanza ni lini, na kanuni ya kunakili. Hii ya mwisho inawaumiza sana watoto waliosoma kambini, ambako kukariri na kuandika kama kitabu kilivyosema kulisifiwa. Chuo cha hapa kinaita hivyo wizi, na adhabu yake inaweza kuwa F ya somo zima. Vivyo hivyo kuhusu kuiachia programu ya kompyuta iandike insha.

Sasa achukue nini? Kwa mtu anayetaka uuguzi, mapendekezo yangu ni haya. Muhula wa vuli achukue Utangulizi wa Saikolojia, maana programu nyingi za uuguzi zinaudai, pamoja na somo dogo la krediti 1 la mbinu za kusoma chuoni kama chuo kinalo. Hiyo ndiyo "moja na nusu" niliyosema. Wapo wanaolidharau hilo somo dogo. Mimi sioni lingine linalomfaa zaidi mtoto ambaye hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kusoma chuo cha Kimarekani. Akipata A au B, muhula unaofuata achukue Uandishi wa Kiingereza wa kwanza. Nimeacha kulitanguliza hilo kwa makusudi. Ametoka ESL mwaka jana tu, na Kiingereza cha kuzungumza vizuri dukani na darasani huwahi kukomaa kuliko kile cha kuandika hoja kwa kurasa tano. Atakaloweza kabisa mwezi wa Januari linaweza kumshinda Agosti. Takwimu aisome darasa la kumi na mbili.

Anatomia na Fiziolojia asiguse kwa sasa, hata akibembelezwa. Programu za uuguzi zinachuja waombaji, na alama ya somo hilo ni miongoni mwa zinazotazamwa kwanza. Baadhi hazikubali somo la sayansi lililosomwa miaka mingi nyuma, na baadhi zinaweka kikomo cha mara ngapi unaweza kulirudia. Alisome atakapokuwa na nguvu zote.

Mwambie pia ukweli huu kabla rafiki yake hajamjaza ndoto: krediti za mapema hazitamfanya nesi akiwa na miaka 18. Shahada ya miaka minne ni krediti zipatazo 120, ile ya miaka miwili ni kama 60, na kweli wapo wanaomaliza sekondari wakiwa na hiyo ya pili mkononi. Lakini masomo ya uuguzi wenyewe, yale ya wodini, hufuatana muhula kwa muhula na hayarukwi. Akiwa amemaliza Kiingereza, saikolojia na takwimu, mihula hiyo itakuwa myepesi, pengine atapata nafasi ya kufanya kazi kidogo bila kuumia, na ada yake itapungua. Muda wa kufika kwenye mtihani wa leseni, NCLEX, unaweza kubaki uleule au kupungua kidogo tu. Kwangu hiyo bado ni faida kubwa, ila si ile anayoitangaza rafiki.

Kuhusu krediti kukubalika kwingine, Ohio wamejipanga vizuri. Kuna kundi la masomo ya msingi linaloitwa Ohio Transfer 36, ambayo vyuo vyote vya umma vya jimbo vinalazimika kuyapokea, na krediti 15 za kwanza za mwanafunzi wa mpango huu zinatakiwa zitoke kwenye masomo ya msingi ya aina hiyo. Akienda chuo binafsi au jimbo jingine hakuna lazima. Tovuti ya Transferology huonyesha bila malipo somo fulani la chuo kimoja linahesabiwaje kwenye chuo kingine. Na kupokelewa si sawa na kutumika: chuo kinaweza kupokea krediti yenye D, lakini programu ya uuguzi ikataka C au zaidi.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni masomo ya AP (Advanced Placement), ya kiwango cha chuo. Hayo husomwa sekondari, kila siku, na mwalimu anayemjua mtoto kwa jina, kisha mtihani mmoja mwezi Mei unaopewa alama 1 hadi 5. Vyuo vya umma vya Ohio vinatoa krediti kwa 3 na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba akifanya vibaya kwenye mtihani haingii kwenye transkripti yoyote ya chuo. Ubaya wake ni kwamba mwaka mzima unategemea asubuhi moja. Kama shule yake ina mwalimu mzuri wa AP wa Biolojia, ningefurahi kuona achukue hiyo sekondari, na Saikolojia chuoni. Kwa mtoto anayehitaji mwalimu wa kumsukuma, AP ni salama zaidi. Anayejisukuma mwenyewe atafaidi chuo. Wewe ndiye unayemjua.

Pia aulize darasa litafanyika wapi. Masomo mengine ya mpango huu hufundishwa ndani ya sekondari yenyewe, mengine chuoni, mengine mtandaoni. Usafiri kwenda chuoni ni juu yenu, na basi la COTA jioni ya Januari si mchezo. Mtandaoni kunashawishi kwa sababu hakuna safari, lakini kwa anayeanza nakataza: hakuna anayekuona ukizama. La ndani ya sekondari ndilo bora kuanzia, likiwepo.

Utaletewa karatasi moja zaidi ya kusaini, inayosema masomo ya chuo yanaweza kugusa mada za watu wazima. Ni kweli yanagusa. Darasa la saikolojia litazungumza kuhusu ngono na maradhi ya akili bila kumung'unya maneno, mbele ya wanafunzi wa kila umri. Zungumza naye kabla hajalisikia huko.

Wasomaji walio Kentucky, Texas, Minnesota au Washington msinakili hesabu hizi. Kila jimbo lina mpango wake, jina lake na mlipaji wake. Kwingine familia hulipa sehemu ya ada, na tarehe hazifanani.

Sasa nenda shuleni ana kwa ana, Mama, usimalize jambo hili kwa karatasi iliyokuja ndani ya begi. Wilaya inatakiwa kuwapa familia maelezo ya mpango huu na ushauri kabla ya mtoto kujiunga. Omba kikao na mshauri wa masomo, na omba mkalimani. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani halipwi na mzazi. Waambie ni Kiswahili cha Kongo. Kama Kibembe au Kifuliru ndicho kinachokuingia vizuri, sema hicho. Binti yako aje kwenye kikao, ila asiwe yeye anayetafsiri, kwa sababu yeye anataka usaini na wewe unataka kusikia hata yale asiyoyataka.

Kikao hicho kikufikishe kwenye majibu haya: ameandikwa kipato kidogo au la, ni njia B, masomo gani hasa na yanafundishwa wapi, siku ya 14 itaangukia tarehe ngapi, na yale masomo anayoyahitaji ili ahitimu sekondari yatafunikwa yote. Fomu ya kutangaza nia inapaswa kufika shuleni ifikapo Aprili 1 kwa mwaka unaofuata. Anayetaka kuanza muhula wa Januari pekee anayo nafasi hadi Novemba 1. Ukichelewa utahitaji idhini ya maandishi ya mkuu wa shule, na si lazima aitoe.

Muhula ukishaanza, kuna hali tatu ambazo usisubiri Jumapili. Mtihani wa kwanza ukirudi chini ya C, aende mwenyewe kwa mhadhiri kwenye saa zake za ofisi na kwenye kituo cha usaidizi cha chuo, ambacho ni bure. Akianza kukosa usingizi au chakula, mpeleke kwa daktari na mshauri wa shule, somo lisubiri. Na akitaka kujiondoa kwenye somo lolote, asibonyeze kitufe kabla ya kuonana na mshauri wa sekondari na ofisi ya chuo inayoshughulikia College Credit Plus, kwa sababu wao ndio watakaomwambia kama siku hiyo kujiondoa kunaacha W, kunaacha deni, au hakuachi kitu.